Uzani Mara Umbali

Mizani tatu za kupimia nguruwe
tuliazima kwa mkulima wa ng'ambo ya barabara:
mbili chini ya magurudumu makubwa,
moja, ndogo, chini ya mkia.
Milango ya ghala imefungwa. Nje ni Machi ya Lithuania,
theluji chafu imekonda kando ya shamba la shayiri,
na Zenonas amezima hata redio
asije mwimbaji akaupuliza mshale.

Miaka tisa ya mbao, gundi na turubai.
Fundi madirisha, mstaafu, kilo tisini na nne.
Ndege ameipa jina la marehemu mkewe, Marcelė,
ila mimi ndiye nitakayeirusha kwanza,
hivyo nami nimepanda mizani
na buti zangu, na parashuti,
mbele yake, na mkaguzi, na paka.

Timazi yaning'inia toka ukingo wa bawa.
Chaki sakafuni: hapa mwanzo,
hapa magurudumu, kule mbali mkia.
Hesabu ni ya darasa la sita,
uzani mara umbali,
jumlisha, gawa.
Kama shairi: mizani moja ikizidi mwishoni
mshororo mzima huelemea nyuma.

Jibu: milimita kumi na tisa
nyuma ya mpaka.

"Kumi na tisa!" akacheka. "Ukucha huo!
Upana wa gumba langu, tena lililopondwa."
Sikucheka.
Nilimwona mtu aliyeruka na ukucha kama huo.
Ndege iliinua pua, akasukuma usukani
mbele, mbele, hadi ukagota,
na pua haikusikia.
Ilishuka ikizunguka bapa, polepole,
sisi chini tukiwa na muda wa kutosha
kuhesabu mizunguko.
Sijamwambia Zenonas ilikuwa mingapi.
Nilimwambia: siruki.

Akanuna. Akapima upya. Akalaumu mizani,
sakafu, mkulima, nguruwe.
Mara ya tatu, kumi na tisa.
Ndipo akachukua tochi, akafungua kidirisha cha mkiani
kisichoguswa tangu turubai ibandikwe,
akaingiza mkono hadi begani,
akanyamaza.

Nyundo.
Mpini wa mwaloni, herufi F imechomwa kwa moto.
Ya Feliksas, shemeji yake.
Aliyoiazima. Aliyoapa, msalaba mkononi, kwamba aliirudisha.
Miaka sita hawasemezani;
hata siku ya kumzika Marcelė
kila mmoja alisimama upande wake wa shimo.

Gramu mia sita na ishirini. Si kitu kiganjani.
Zidisha kwa mita tatu za mkia:
milimita sita.

Gurudumu la nyuma, lile zito alilolipenda,
tukaling'oa: saba nyingine.
Zilizobaki zilidai risasi puani,
kilo mbili, jirani na injini.
"Nani ana risasi?" akauliza mkaguzi, ambaye ni mgeni.
Kijiji kizima kinajua. Feliksas
huyeyusha chubwi za mishipi, msimu hadi msimu.

Mita mia nne toka ghala hadi kwake.
Nilimtazama akivuka tope,
kofia mkono huu, nyundo mkono ule,
akienda, akisimama, akienda,
na nikawaza: mwenzake akichungulia
akaiona nyundo kabla ya uso,
tumekwisha.

Mlango ulifunguka. Ulikaa wazi sana,
joto lote la jiko likapotea nje.
Maneno hayakunifikia.

Walirudi giza likiingia,
ndoo ya chubwi kati yao,
mmoja mrefu, mmoja mfupi,
kwa hiyo ndoo ilimlalia mfupi
naye hakulalamika.

Tulipima tena. Feliksas alikaa juu ya pipa,
neno lake moja usiku kucha: "Sakafu haiko sawa."
Nikaleta pimamaji. Ilikuwa sawa.
Akaiangalia mwenyewe, mara mbili.

Milimita mbili ndani ya mpaka.
Ijumaa, upepo ukitulia, nitaruka.
Nimeomba tu kabla ya hapo
kila kifaa ghalani kihesabiwe,
na nyundo iwe mkononi mwa mwenyewe,
juu, nionekane nikiiona.